Kibaba cha Kitako Kinene

Rhotia, kesho unaondoka

Mwanangu Paskalina,

Shikamoo yako ya asubuhi niliipokea, ingawa uliitoa huku unaangalia ndoo. Kwa hiyo salamu tumezimaliza. Sasa umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, mvua imekukamata huko huko, nami nimekaa jikoni na daftari lako la zamani lililobakiwa na kurasa. Ningeweza kukusubiri niseme kwa mdomo. Lakini najijua. Ukiingia tu nitaanza habari ya sweta, na viatu, na yule kuku wa kula njiani, tutakula ugali wetu kimya kimya, na alfajiri lori litapiga honi pale barabarani.

Ya sweta siandiki. Mtakapopanda na lori kule juu ukingoni mwa Kreta, baridi yenyewe itakufundisha. Ya wavulana wa Wasso, huko unakokwenda kusomea uuguzi, nayo siandiki. Ungekuwa mtu wa kusikia ningekuwa nimeshasema. Uuguzi watakufundisha wenye kazi yao. Mimi nakuandikia jibu.

Siku ile uliniuliza swali moja tu. Ulikuwa umesimama mlangoni, na vumbi la mtungi wako niliouvunja lilikuwa bado kwenye kanga yangu. Ukasema, "Mama, kile kibaba cha dukani. Ulijua?" Nami nikakuambia nenda kateke maji. Ukaenda. Ukarudi na maji, ukatua ndoo, na tangu siku hiyo hujaniuliza kitu kingine zaidi ya chumvi iko wapi.

Nilijua, mwanangu. Nilijua tangu udongo ukiwa mbichi.

Haya, nimeshaandika. Acha mkono upumzike. Unajua mwandiko wangu, nilishika kalamu nikiwa na mvi tayari, kwenye kisomo cha watu wazima, na aliyenifundisha ni kijana niliyemfuta kamasi. Kabla ya hapo maneno yangu yote yalikuwa kwenye udongo, na ndiyo maana hili jambo ni refu. Nimechoka, na magoti yananiuma kwa hii mvua, lakini nitalimaliza.

Hukumbuki vizuri ile operesheni ya vijiji. Ulikuwa unang'oka meno ya utoto. Baba yako alikuwa ameacha kazi kule mashamba ya kahawa ya Oldeani, tukajenga kibanda chetu bondeni, karibu na korongo lenye udongo mzuri. Mimi nilitoka Iramba na ufinyanzi wa mama yangu mkononi, sikuwa na mali nyingine. Nilikuwa ndiyo nimeanza kujulikana kwa vyungu, watu wa huko wanakuja kununua. Tukaambiwa tuhame, nyumba zote zikae kwenye mstari, huduma zitaletwa. Tukabeba milango. Tukabeba kuku, mitungi, godoro, na wewe juu ya godoro. Mafiga hatukubeba. Nani anabeba mawe? Tulipofika, kila mwanamke akainama kutafuta mawe matatu ya kuinjika chungu, na uwanja wenyewe ulikuwa shamba la ngano lililolimwa na trekta miaka na miaka, halina jiwe la kumpigia hata mbwa.

Siku ile nililia, sikufichi. Kisha nikaona jinsi tulivyo, wanawake wazima tumeinama shambani kama kuku, nikacheka. Nikarudi korongoni nikachimba udongo, nikafinyanga vyungu vyenye miguu mitatu. Miguu mifupi, minene, imejipanua. Nikaviweka mbele ya nyumba. Wakaniuliza, "Mama Paska, hivi ni vyungu vya namna gani?" Nikasema, "Hivi ni vyungu vya kuhama. Vina mafiga yao. Wakituhamisha tena vitatembea vyenyewe."

Weee! Walicheka mpaka wakakaa chini. Mama Safari, jirani yetu mpya, wakati ule tulikuwa hatujaelewana hata lugha, Kiiraqw chake kingi na Kiswahili changu cha kuokoteza, alikibeba kimoja kichwani akapita nacho mstari wote wa nyumba, anakionyesha kila mlango. Mwenyekiti wa kijiji naye alicheka. Halafu akaacha kucheka, akakitazama tena kile chungu, akaenda zake. Hakunifanya kitu. Angenishtaki nini? Kwamba nimefinyanga chungu?

Lakini kilipika, Paska. Maharage yaliiva juu ya miguu ile. Hilo ndilo nililokuwa nakuimbia tangu ukiwa mdogo mpaka ukawa unanikejeli kwa kulisema kabla yangu: chungu kipike kwanza, ndipo kiseme. Kikisema bila kupika ni porojo, hata nyani angekifinyanga.

Baada ya hapo nikanogewa. Mwaka ule wa njaa, wa unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, watoto wamevimba matumbo na baba zao wanakunywa mahindi kwenye vilabu, nilifinyanga mitungi ya pombe. Ndani ya shingo nikabandika kibakuli kidogo, kile cha kulishia mtoto uji. Mtu akiinama kunywa, kibakuli kinamgusa pua. Mmoja aliuvunja mtungi wake palepale, akanitukana matusi ya Singida ambayo nilikuwa nimeyasahau, nikafurahi kuyasikia. Mwingine alikunywa, akaondoka, na kesho yake mke wake akaja kuniletea maboga. Sikumwuliza maboga ya nini.

Nilijiona mtu. Nakuambia ukweli, nilijiona mtu kweli kweli. Mfinyanzi hulia gaeni, wanasema, na ni kweli tulikula kwenye vigae maana vyungu vizima viliuzwa, lakini nikipita njiani wanawake walikuwa wananiita, "Mama Paska, safari hii unatuambia nini?" Mtu akishazoea kuitwa hivyo, anaanza kudhani ukweli unakaa kwake, na wenzake wanakuja kuazima.

Unakumbuka ulipokuwa unanisaidia kusaga vigae? Ulikuwa na jiwe lako dogo. Ukaniuliza, "Mama, kwa nini tunavivunja tena na vimeshavunjika?" Nikakuambia udongo mtupu una kiburi, ukiingia motoni unapasuka. Uchanganye na chungu kilichokwisha kupita motoni kikavunjika, ndipo unastahimili. Ukakaa ukafikiri, ukasema, "Kwa hiyo ndani ya chungu kuna bibi yake." Nilicheka siku nzima. Baba yako aliporudi nikamwambia, naye akacheka.

Nimefika kwa baba yako. Nilikuwa nakwepa.

Vita viliisha, na sukari nayo ikaisha, sabuni ikaisha, kitambaa kikaisha. Unayajua hayo, umekulia kwenye foleni. Baba yako akafa katikati ya huo ukame wa vitu. Mtu aliyefanya kazi miaka yote ile, na mimi sina hata kipande cha kitambaa cha marekani cha sanda ya kumfunikia. Nilikuwa nimetoa kanga yangu ya harusi, nimeifua, imeanikwa hapo uani. Akaja Bwana Meneja wa duka la kijiji, mwenyewe, kwa miguu, na bunda la marekani jipya kwapani na mfuko wa sukari ya msibani. Akasema, "Pole, Mama Paska, mzee hawezi kwenda na kanga." Mwanangu, ukiwa kwenye hali ile huulizi kitambaa kilifichwa wapi wakati wenzako wanazikwa na mablanketi. Nilimshika mikono yote miwili. Baba yako alizikwa vizuri, na mpaka leo nashukuru kwa hilo, na ndilo linalonitia uchungu, kwamba bado nashukuru.

Ikapita kama miezi sita hivi. Mizani ya duka ikafa. Wakapima sukari kwa kopo, watu wakagombana: kopo hili limebonyea, kopo lile limekatwa. Mkutano wa kijiji ukakaa. Nani alisimama? Mama Safari. Akasema kwa Kiswahili chake kilichokuwa kimenyooka siku hizo, "Mama Paska afinyange kibaba kimoja, kiwe ndicho hicho hicho kwa wote. Vyungu vya Mama Paska havidanganyi." Watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimekaa nyuma na wewe umelalia bega langu, ukanifinya kwa furaha.

Kesho yake Bwana Meneja akapita hapa. Akakaa kwenye kigoda chako. Akasema, "Kiwe imara, Mama Paska. Dukani vitu vinaanguka. Kitako kiwe kinene." Nikamwuliza kinene kiasi gani. Akalaza kidole gumba chake chini, akaweka kingine juu yake, akanitazama. Mimi nikatazama vile vidole. Akanywa chai, akashukuru, akaenda.

Ningeweza kukuambia kwamba nilidhani ni kwa ajili ya uimara. Hilo nililiambia moyo wangu miaka, na moyo ukakubali, moyo unakubali chochote. Lakini wewe ni mfinyanzi, huwezi kudanganywa. Kitako kinene hupasuka motoni. Kwa hiyo nilikikausha kivulini karibu mwezi mzima, nakigeuza geuza kama mgonjwa, na vigae nilivyochanganya vilikuwa karibu mara mbili ya kawaida. Nje nikakiinua kidogo ili kionekane kikubwa. Mdomo nikaupamba kwa gunzi la hindi, mistari mizuri kuliko yote niliyowahi kuweka. Mtu asiyejua hafanyi hivyo vyote.

Basi, kibaba kikaanza kazi. Bwana Meneja anakijaza, anapitisha kijiti juu, kinakuwa sawasawa, kila mtu anaona. Sukari iliyobaki ilitoka kwa mlango wa nyuma, nadhani ilikuwa inapanda malori. Mimi sikuwahi kuambiwa, na sikuwahi kukosa sabuni. Ile sabuni uliyofulia sare zako, Paska, na ile sukari ya uji wako ulipougua surua, vyote vilitoka mle mle. Sikuandikii ili ukaone kinyaa. Ulikuwa mtoto, ulikula ulichopewa.

Sasa sikiliza kilichonivunja. Kilikuwa kitu kidogo.

Nilikuwa nimekwenda kwa Mama Safari kumpelekea sufuria yake. Akanikaribisha chai. Akafungua kikopo cha sukari, akatazama ndani, akaita, "Safari!" Yule mtoto wake wa kwanza akaja anakimbia, unamjua alivyo mpole. Akamwambia, "Umelamba tena." Mtoto akaapa. "Haki ya Mungu mama, sijalamba." Akamchapa kwa fimbo ya kuchungia, mbele yangu, na kila fimbo anasema, "Sukari yote ile! Imekwenda wapi? Imekwenda wapi?" Mtoto analia anasema sijui. Na mimi nimekaa. Nimeshika kikombe. Nilijua sukari imekwenda wapi, ilikuwa imekaa kwenye kitako, unene wa vidole viwili. Nikasema tu, "Mwache, Mama Safari, watoto ndivyo walivyo." Ebo! Watoto ndivyo walivyo! Nilimsingizia hata kwenye kumtetea.

Nikanywa chai ile mpaka mwisho. Alikuwa ameniwekea sukari kikombe changu, kwake hakuweka.

Tangu siku ile nikawa nasikia, siku moja moja baada ya foleni ya sukari, mtoto analia huku, mtoto analia kule. Labda wengine walikuwa wanalia kwa mambo yao. Mimi nilisikia wote ni wa kwangu. Neno la mdomo, ukisema uongo, linapita na upepo, watu wanasahau. Chungu kinakaa. Kila siku ya sukari kibaba kile kilirudia uongo wangu mbele ya watu wote, kwa sauti yangu, na gunzi langu mdomoni. Nikaacha kufinyanga vyungu vya kusema. Uliniuliza kwa nini, nikasema mikono imechoka. Watu wakaniuliza, "Mama Paska, mbona kimya?" nikasema udongo wa siku hizi mbaya.

Kisha wewe ukakua, ukawa na mkono mzuri kuliko wangu. Na yule mke wa Meneja, siku moja tu, akakupa vyombo vya dukani ukavioshe.

Sijui ulisema nini moyoni ulipokishika kile kibaba. Mfinyanzi hahitaji kupima, mkono unajua. Ulirudi nyumbani ukaniangalia mikono nikikanda udongo, ukaangalia sana, halafu ukasema, "Mama, nataka kufinyanga mtungi wa kwenda nao Wasso." Nikakupa udongo wangu ule mzuri. Mjinga mimi, nilifurahi.

Siku ya foleni ukaja nao kichwani umefunikwa kitenge. Tumbo kubwa, shingo nyembamba, mistari ya gunzi imezunguka. Jamani ulikuwa mzuri. Ukautua kwenye kibaraza cha duka, ukasema kwa adabu kabisa, "Mama zangu, nisaidieni maji, nataka kuona kama unavuja." Mama Safari akainua ndoo yake akamimina. Maji kidogo tu, kama ya kunawa uso, yakafurika yakamwagikia miguuni. "Mbona umeshiba?" akasema. Ukaumwaga, mkajaza tena, ukafurika tena. Watu wakaanza kucheka. Mzee mmoja akasema, "Haba na haba hujaza kibaba, lakini huu haba moja tu umejaa!"

Na hapo kicheko kikakatika. Neno lilikuwa limetoka. Nikaona macho yanageuka, moja moja, kuelekea kwenye meza ya duka, kwenye kile kibaba kilichokaa pale na kijiti chake.

Bwana Meneja hakukutazama wewe. Alinitazama mimi. Na chini ya mkono wake, hapo hapo mezani, ilikuwa barua yako ya kijiji ya kukupeleka Wasso, ambayo naye alitakiwa kuigonga muhuri wake, na alikuwa hajaigonga.

Nilitoka kwenye foleni, nikauchukua mtungi wako, nikaupiga kwenye ngazi. Nikasema, unakumbuka nilichosema, "Mtoto huyu hana adabu, anaharibu udongo wa watu." Bwana Meneja akasema, "Asante, Mama Paska. Huo ndio ulezi." Akaikabidhi barua kwa mwenyekiti jioni ile ile, imeshagongwa muhuri.

Unadhani nilivunja kwa ajili ya barua. Nilitaka udhani hivyo. Ni kweli, nusu. Nusu nyingine ni kwamba nilijua swali linalofuata. Wakishauliza kibaba kina nini, watauliza kama aliyekifinyanga alijua. Niliuvunja mdomo wako ili wangu usiulizwe. Na watu waliona mama anamrudi mwanawe mtovu wa adabu, wakarudi kwenye foleni, wakapimiwa.

Nimekaa na vigae vyako mwezi mzima. Nilivikusanya jioni ile kwenye beseni, ulidhani nimevitupa. Niliviangalia nikaona ulivyofanya. Hukujaza udongo ndani, ungepasuka. Uliweka sakafu ya pili juu ya tumbo, na chini kwenye kitako ukatoboa katundu kadogo ka kutolea mvuke. Nani alikufundisha hivyo? Mimi sikukufundisha. Nilikaa nikashika kile kigae chenye katundu nikalia kwa uchungu, na kwa majivuno pia, Mungu anisamehe.

Nina neno moja tu la kukupa kuhusu kazi, na silo la uuguzi. Mtungi wako ulikuwa mzuri, ulikuwa na ukweli, lakini haukuteka maji. Waliucheka na ukavunjika ikawa basi. Usinielewe vibaya, mimi niliyevunja ndiye mwenye kosa. Lakini laiti ungekuwa chombo cha kazi, mtu angekwenda nacho nyumbani, angekitumia kesho, na keshokutwa, na mimi nisingeweza kuvivunja vyote. Hilo nalisema kama mfinyanzi kwa mfinyanzi. Kama mama sina la kukuambia, umenishinda.

Kwa hiyo nimefinyanga kibaba kingine. Ulinipita kila siku nikikifinyanga na hukukitazama, maana ulikuwa hunitazami mimi. Nje ni sawa na kile cha zamani, ukiviweka pamoja huwezi kuvitofautisha, gunzi ni lile lile. Kitako ni chembamba kama inavyotakiwa.

Kesho ni siku ya sukari, unajua. Lori likishakuchukua, likipandisha kwenda Karatu nikaacha kuliona, nitajifunga kanga nitakwenda kupanga foleni kama mtu mwingine. Ikifika zamu yangu nitaomba kile cha zamani kijazwe maji, na nitayamimina kwenye kipya, mbele ya wote. Yatafika hapo yatakapofika. Kisha nitasema, "Kile nilikifinyanga mimi, na nilijua." Maneno ni hayo tu. Nimeyafanyia mazoezi na kuku.

Usiniite shujaa. Shujaa angekwenda leo, wewe ukiwa bado hapa na barua yako bado inaweza kuitwa irudi. Nimekungoja uondoke. Wakitaka kunizuia kuchimba udongo korongoni wanizuie. Mimi ni mtu wa kuja, watanikumbusha hilo. Bwana Meneja simwogopi sana, na nitamshukuru kwa lile marekani hadharani, maana nalo ni kweli. Ninayemwogopa ni Mama Safari. Sijui atanitazamaje. Sijui nitamwambia nini yule Safari, sasa amekuwa kijana mkubwa anachunga ng'ombe, na mgongo wake ule niliouacha uchapwe.

Sikuombi unisamehe alfajiri pale barabarani mbele ya utingo wa lori. Nitakuwa na mambo ya sweta, nawe utakuwa na haraka. Ukifika, andika. Kama hutaki kuniandikia mimi, mwandikie Mama Safari, atakuja kunisomea. Kama hatakuja, nitajua jibu lako na lake kwa pamoja.

Mvua imekatika, nasikia sauti yako kule kwa jirani, unacheka na watu. Acha nimalize kabla hujaingia.

Katikati ya nguo zako, ndani ya lile gauni la bluu, nimekuwekea kigae kimoja cha mtungi wako, kile chenye katundu. Hicho ni chako. Vingine vyote nilivisaga, kwa lile jiwe lako dogo, nikavikanda kwenye udongo wa kibaba kipya. Nilikichoma jana ukiwa kanisani. Upepo ulikuwa mbaya, moto ukapanda ghafla, nikasema basi, kimekwenda. Nilipofukua majivu asubuhi kilikuwa kizima, hakina hata ufa.

Mama yako